Shajara ya mradi: kupaka rangi upya rimu nne za gari nyumbani

Jumamosi, 7 Juni 2025: hali ya mwanzo

Rimu zangu ni za alumini, inchi 15, spoki tano, rangi ya fedha. Klia, lile tabaka la juu linalong'aa kama kioo, imeachia kingoni, na chini yake kuna mistari myeupe iliyotambaa kama minyoo. Alumini haipati kutu nyekundu kama chuma. Inatoa unga mweupe, na unga huo ukishaingia chini ya klia unaendelea kuinyanyua, hasa pale jiwe lilipogonga na kuyafungulia maji njia. Magurudumu mawili ya upande mmoja yamekwaruzwa vibaya na kingo za barabara. Hilo nimelifanya mwenyewe kwa miaka ya kuegesha.

Ninaandika shajara hii ili anayetaka kufanya kazi hii aone pale nilipokosea kabla hajakosea yeye. Nitaongeza ukurasa kila hatua inapokwisha.

Mpango ni kwenda na gurudumu moja moja, kwa sababu gari nalihitaji kila siku na nina tairi moja tu la akiba, la ukubwa kamili. Gurudumu linaloshughulikiwa linatoka, la akiba linashika nafasi yake. Tairi halitatolewa kwenye rimu. Rangi itapigwa usoni na kwenye kingo za spoki, na upande wa ndani utasafishwa tu.

Kuhusu klia nilifikiri sana. Ile yenye hadina (dawa ya kuigumisha) ndani ya kopo ni ngumu zaidi na petroli haiitishi, lakini hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kawaida haitoshi kwayo. Sina vifaa vya kupuliza hewa safi kichwani, kwa hiyo nimechagua klia ya kawaida isiyo na hadina na nimekubali kwamba itakuwa laini zaidi. Hata kwa hii nitavaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ile ya kitambaa ya kuzuia vumbi haizuii mvuke wa thina hata kidogo.

Jumapili, 8 Juni: gurudumu la kwanza, kusafisha na kupiga msasa

Nati zililegezwa nusu mzunguko gari likiwa bado chini, kisha jeki, kisha stendi. Gurudumu likatoka.

Nililiosha kwa sabuni na brashi, na nikamwagia dawa ya kuondoa vumbi la breki, ile inayogeuka zambarau inapokutana na chembe za chuma. Vumbi la breki hunasa kwenye rangi likiwa la moto na sabuni peke yake hailing'oi. Nilirudia mara mbili. Msasa namba 120 kwenye mikwaruzo na palipo na unga mweupe, 240 kulainisha, 400 uso mzima. Saa tatu na nusu, na saa moja nzima ilikwenda kwenye pembe za ndani za spoki, ambako hakuna njia ila kukunja karatasi na kutumia ncha ya kidole. Unga mweupe lazima uondoke wote mpaka alumini tupu inayong'aa. Ukibaki hata kidogo, utanyanyua rangi mpya kama ulivyonyanyua ya zamani.

Kuzuia tairi lisipate rangi nilitumia karata za kuchezea. Zinachomekwa kati ya mdomo wa rimu na mpira, moja ikilalia nyingine, mpaka zizunguke kote. Karata 30 hivi zilitosha. Ni njia ya haraka kuliko tepu ya karatasi, na mstari wake ni safi.

Jumatatu, 9 Juni: praima imekataa kukaa

Nilipanguza rimu kwa spiriti, nikailaza juu ya ndoo uso ukiangalia juu, nikapiga praima ya asidi. Praima ni tabaka la kwanza la kushikia rangi, na hii ni maalumu kwa alumini tupu. Asidi yake huuma chuma kidogo ili tabaka lishike. Kwa dakika ya kwanza ilikuwa nzuri. Baadaye vishimo vya mviringo vikaanza kufunguka, vingine kama kichwa cha pini, vingine vikubwa kama punje ya dengu, kila kimoja kikiwa na ukingo ulionyanyuka na alumini tupu katikati. Rangi ilikuwa inakimbia pale mahali. Nikaongeza praima nikidhani itajaza. Ikakimbia tena na kingo zikanenepa.

Chanzo ni silikoni. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiyapaka matairi haya dawa ya kuyang'arisha, na dawa hiyo ina mafuta ya silikoni yanayorukia rimu kila gari linapotembea. Kosa langu halisi lilikuwa mpangilio wa kazi. Sabuni haikuyatoa mafuta yote, nami nikapiga msasa juu yake. Msasa ukayasukumia ndani ya mikwaruzo yake mwenyewe. Kisha nikapangusa kwa kitambaa kimoja, uso kwa tairi, tairi kwa uso, nikawa ninayasambaza.

Marekebisho: praima yote imetolewa kwa thina na msasa. Sasa mpangilio ni huu, na ndio nitakaoufuata mpaka mwisho. Kwanza sabuni. Pili dawa ya kuondoa mafuta na nta kabla msasa haujagusa kitu, kwa vitambaa viwili: kimoja kimelowa dawa kinalainisha mafuta, kingine kikavu kinafuata papo hapo kuyabeba kabla dawa haijakauka. Kitambaa kinageuzwa kila mara na kikijaa kinatupwa. Tairi nalo linasafishwa vivyo hivyo. Msasa. Halafu dawa tena.

Kipimo cha usafi ni maji. Mwagia maji safi juu ya rimu na uangalie. Yakitandaa kama shuka na kubaki yametandaa, chuma ni safi. Yakijikusanya matone au yakiacha kisiwa kikavu, hapo pana mafuta. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na ningekifanya jana nisingepoteza kopo zima la praima na jioni mbili.

Jumamosi, 14 Juni: praima imeshika, rangi imejikunja

Maji yalitandaa kote. Praima ya asidi tabaka mbili nyepesi, bila kishimo hata kimoja. Juu yake praima ya kujaza tabaka mbili, ikakauka, msasa wa maji namba 600, ikawa laini kama ganda la yai. Nilifurahi mno.

Rangi ya fedha tabaka mbili, dakika 15 kati yake, mkono ukianzia nje ya rimu na kuishia nje ya rimu, kopo umbali wa sentimita 25. Kingo za spoki kwanza, uso baadaye. Hapo nikaitwa kwa shughuli ya nyumbani. Niliporudi saa tano zilikuwa zimepita, rangi ilikuwa kavu kwa kugusa, nami nikapiga tabaka la tatu.

Baada ya dakika chache rangi ikajikunja, kama ngozi ya maziwa yaliyochemka inaposogezwa na kijiko. Haikuwa kote, ila kwenye pembe ambako rangi ilikuwa nene.

Maandishi ya kopo yalinionya: ongeza tabaka ndani ya saa moja, au subiri saa 24. Nilikuwa nimeyasoma na nikayachukulia kama tahadhari ya jumla. Sababu yake ni hii. Katikati ya saa hizo ngozi ya juu imeshakauka lakini chini bado pabichi. Thina ya tabaka jipya inapenya ile ngozi, inaivimbisha, na kwa kuwa haina pa kwenda inajikunja. Ndani ya saa moja tabaka zote bado ni kitu kimoja. Baada ya saa 24 lile la chini limekuwa gumu kiasi cha kuhimili. Nyakati hizi hutofautiana kopo kwa kopo, kwa hiyo fuata la kwako.

Nilijaribu kupiga msasa papo hapo. Usijaribu. Rangi ilijiviringisha ikawa vidonge, ikaziba karatasi tatu na kuchimba hadi praima. Nimeiacha ikauke wiki nzima.

Jumapili, 22 Juni: gurudumu la kwanza limekwisha

Jana msasa 400 mpaka mikunjo ikaisha, 600 uso mzima, kusafisha, praima ya kujaza tabaka moja. Leo rangi tabaka tatu na klia tabaka tatu, yote kwa mfululizo, simu ikiwa ndani ya nyumba.

Mambo machache yaliyonisaidia. Kopo lilitikiswa dakika mbili kamili baada ya gololi ya ndani kuanza kugonga, na likakaa ndani ya maji ya vuguvugu dakika tano kabla ya kazi, maana kopo la baridi linatema matone. Yawe vuguvugu tu. Kopo hilo lina msukumo na halifai kuwekwa karibu na moto wowote. Sakafu niliimwagia maji ili vumbi lisinyanyuke. Klia ya kwanza ilikuwa ukungu tu wa kushikia, ya pili ya wastani, ya tatu ndiyo ya kulowesha.

Kulikuwa na chozi moja la klia chini ya spoki. Nililiacha likauke, na nitalikata kwa msasa wa maji 1500 na kompaundi, dawa ya kung'arishia, baada ya siku kadhaa. Kulifuta likiwa bichi kungeleta jeraha kubwa kuliko chozi lenyewe.

Kuna jambo moja kuhusu hali ya hewa. Nilitaka kumaliza jana jioni nikaahirisha kwa sababu hewa ilikuwa nzito kwa unyevu. Klia ikipigwa kwenye unyevu mwingi thina inapotoroka huipoza, umande unanasa ndani, na unabaki na ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Kungoja usiku mmoja ni rahisi kuliko hilo.

Gurudumu la kwanza limenichukua siku 15. Saa za kazi halisi ni 13.

Jumamosi na Jumapili, 28 na 29 Juni: gurudumu la pili, lenye mikwaruzo mikubwa

Usafi na msasa vimekwenda kwa saa tatu tu, maji yametandaa mara ya kwanza.

Mikwaruzo ya ukingoni ilikuwa na kina cha milimita moja hivi. Kwanza nilisawazisha meno yaliyosimama kwa tupa, kisha msasa 80, kisha puti ya alumini juu ya chuma kilichokwaruzwa. Puti haiwekwi juu ya praima ya asidi, na praima ya asidi haipigwi juu ya puti, kwa sababu asidi inaudhi ugumu wa puti na ukingo wa kiraka huja kujichora juu ya rangi baadaye. Hivyo nilifunika viraka kwa vipande vya tepu ya karatasi, nikapiga asidi kwenye alumini tupu peke yake, nikabandua tepu, kisha praima ya kujaza kote. Ni kazi ya kuchosha kidogo. Ukingo ukipapaswa macho yamefumbwa hauonyeshi kiraka kiko wapi, na hapo ndipo nilipojua kwamba imekaa sawa. Macho yanadanganywa na rangi ya praima, kidole hakidanganywi.

Rangi na klia zimepigwa bila tatizo. Gurudumu limerudi garini Jumapili jioni.

Jumatano, 2 Julai: nati zimelegea

Ukurasa huu ndio ningependa kila mtu ausome hata kama hatasoma mwingine.

Kila gurudumu lililotolewa na kurudishwa, nati zake zikaguliwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Leo, baada ya kilomita 60, nilichukua spana ya kipimo, ile inayolia "tik" nguvu iliyowekwa ikifika. Kitabu cha gari langu kinataka Nm 103 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Gurudumu la kwanza: nati zote tano zililia bila kusogea. Gurudumu la pili: nati nne kati ya tano zilizunguka kabla ya kulia, moja yao karibu robo mzunguko. Mkono ulinitetemeka kidogo pale. Familia yangu imepanda gari hili tangu Jumatatu.

Niliitoa rimu. Nati zangu zina kichwa cha koni, na matundu ya rimu yana vikalio vya koni vinavyolingana nazo. Kwenye gurudumu la kwanza nilikuwa nimeviziba vikalio kwa karatasi iliyoviringishwa. Kwenye la pili, kwa kuharakisha, sikufanya hivyo, na praima, rangi na klia vikaingia humo. Nati inapokazwa inakaa juu ya rangi badala ya kukaa juu ya chuma. Unene wa tabaka zote ni sehemu ndogo ya milimita, lakini rangi hiyo inapopondwa na uzito, mtikisiko na joto la breki, inatoka mahali pake, na ule mkazo wa nati unapungua kwa sababu kilichokuwa kimebanwa hakipo tena. Rimu haishikiliwi na unene wa stadi, zile skrubu zinazobeba nati. Inashikiliwa na mkazo unaoibana kwenye habu, kitovu kinachobeba gurudumu. Mkazo ukipungua, rimu inaanza kucheza.

Nikatazama mgongoni: rangi ilikuwa imevuja kupitia matundu na kukaa pia kwenye uso unaolalia habu.

Marekebisho: vikalio vyote vitano nilivisafisha kwa kitambaa chenye thina na kijiti cha mbao kilichochongwa, mpaka chuma kitupu. Sikutumia msasa humo wala kuchimba kwa kitu kigumu, ili umbo la koni lisiharibike. Uso wa habu na mgongo wa rimu vilisuguliwa kwa pedi mpaka rangi na kutu vikaisha. Nati zikarudi kavu, bila grisi, zikakazwa kwa mpangilio wa nyota kwa awamu mbili. Nitakagua tena baada ya kilomita 50, na tena baada ya 100.

Kuanzia sasa matundu ya nati yanazibwa kabla kopo lolote halijafunguliwa, na mgongo wa rimu unafunikwa wote.

Jumamosi, 12 Julai: gurudumu la tatu, fedha isiyofanana

Kwanza habari njema: nati za gurudumu la pili zimekaguliwa mara mbili na hazijasogea.

Gurudumu la tatu lilikwenda kwa wepesi mpaka nikalisimamisha kando ya la kwanza kwenye mwanga wa jua. La tatu lilikuwa na giza zaidi, kijivu, ilhali kopo ni la aina ile ile na namba ile ile ya rangi.

Rangi ya fedha ni vipande vidogo vya alumini vinavyoelea ndani ya rangi, na wepesi wake unategemea jinsi vipande hivyo vilivyolala. Nilikuwa nimepuliza kwa karibu, sentimita 15 hivi, na kwa kulowesha, nikitaka kumaliza kwa tabaka mbili. Rangi ikilowa sana vipande vinapata muda wa kuzama na kusimama kila upande, na uso unakuwa na giza. Ikipigwa nyepesi na kwa mbali kidogo, vinalala juu na kuakisi mwanga. Kwa hiyo mkono wa mpigaji ni sehemu ya rangi yenyewe. Kwa rangi nyeusi au nyeupe isiyo na chembe usingeliona jambo hili kabisa.

Kwa kuwa klia ilikuwa imeshapigwa, nilisubiri siku mbili, nikapiga msasa wa maji 800, nikasafisha. Rangi tabaka mbili nyembamba kwa sentimita 25, na la mwisho kwa sentimita 40, haraka, karibu ukungu tu. Nusu saa, kisha klia. Sasa mawili hayo yakisimama pamoja siwezi kuyatofautisha. Imenigharimu nusu kopo la rangi na kopo zima la klia.

Mdudu alitua kwenye rangi kabla ya klia. Nilimtoa kwa kibano rangi ilipokauka, nikagusa alama kwa msasa 800, nikapuliza tena rangi nyepesi eneo lile. Fedha ikishaguswa na msasa haifai kwenda moja kwa moja kwenye klia, kwa maana zile chembe zilizokwaruzwa huonekana kama doa jeusi.

Jumapili, 20 Julai: gurudumu la nne lina ufa

Gurudumu hili limekuwa likipoteza upepo kidogo kidogo kwa miezi. Nimekuwa nikijaza na kuendelea, nikiilaumu valvu.

Leo niliposafisha upande wa ndani, vumbi la breki lilipotoka, ukatokea mstari mwembamba mweusi unaovuka ukingo wa ndani, urefu wa kidole gumba. Nilipangusa, ukabaki. Nikapaka maji ya sabuni na tairi likiwa na upepo, na viputo vidogo vikapanda kando yake. Ni ufa.

Hapa kazi ya rangi imesimama. Puti na praima zingeuficha vizuri sana, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu mtu mwingine angeweza kufanya hivyo bila kujua. Rimu yenye ufa haizibwi kwa puti. Kuichomelea nyumbani pia sitathubutu. Rimu nyingi za alumini zimepewa nguvu yake kwa joto lililopimwa kiwandani, na moto wa kuchomelea unaiondoa nguvu hiyo pembeni mwa mshono. Kwa sababu hiyo hiyo sikukausha rangi yoyote kwa joto kali.

Gari liko kwenye tairi la akiba. Ninatafuta rimu iliyotumika inayolingana. Namba zangu, zilizogongwa mgongoni, ni 15x6J, ET45, na mpangilio wa stadi 5x114.3. Yaani kipenyo inchi 15 na upana inchi 6, uso wa habu uko milimita 45 nje ya mstari wa katikati ya rimu, stadi tano kwenye duara la milimita 114.3. Tundu la katikati nalo lazima lilingane na habu. Inayofanana kwa sura lakini ikitofautiana kwa ET inaweza kugusa breki au bodi ya gari.

Jumapili, 3 Agosti: rimu mbadala

Imepatikana, yenye umbo lile lile, imechakaa rangi lakini iko sawa. Kabla ya kuichukua niliikagua mgongoni kwa tochi na kuizungusha juu ya sakafu tambarare kuona kama imepinda.

Kwa kuwa ilikuja bila tairi, ilikuwa rahisi kupaka kuliko zote, ila kuna sehemu mpya ya kulinda: vikalio vya tairi, pale mpira unapobana rimu kuzuia upepo. Rangi nene hapo inaweza kuachia vipande na kuvujisha. Nilifunika kwa tepu pande zote mbili, pamoja na matundu ya nati na uso wa habu. Saa sita za kazi, hakuna kilichorudiwa.

Nililiacha siku saba kabla ya kupeleka tairi livalishwe na kubalansiwa. Hata hivyo mashine ya kuvalishia iling'oa kipande cha rangi ukingoni, kama nusu ya ukucha. Nimekigusia kwa brashi ndogo, rangi iliyopulizwa kwenye kifuniko cha kopo, kisha klia. Hakionekani ukiwa umesimama, kinaonekana ukiinama.

Kwa vizito vya balansi niliomba vya kubandika upande wa ndani badala ya vya kugongewa kwenye mdomo. Vile vya kugongewa vinakata rangi, na hapo ndipo unga mweupe ulipoanzia kwenye rimu za zamani.

Jumamosi, 9 Agosti: hesabu

Vilivyotumika: praima ya asidi makopo 3, moja likiwa limepotea kwa silikoni. Praima ya kujaza 3. Rangi ya fedha 5, na karibu moja na nusu ni ya marudio. Klia 5, moja ya marudio. Msasa karatasi 31 za namba zote. Dawa ya kuondoa mafuta lita moja na nusu. Puti kidogo, zaidi ya nusu ya kopo imebaki. Vichujio vya barakoa jozi mbili. Karata pakiti moja, na sasa zimegandamana.

Saa za kazi: la kwanza 13, la pili 9 pamoja na kusafisha vikalio, la tatu 10, la nne 6. Rimu mbadala peke yake ilizidi gharama ya makopo yote kwa pamoja. Ukiondoa hiyo, karibu theluthi ya nilichotumia kilikwenda kwenye makosa ya gurudumu la kwanza na la tatu.

Kabla ya kununua chochote, osha rimu zote nne na uzikague mgongoni. Ufa wangu ulikuwapo tangu siku ya kwanza, nami nikauona siku ya 44.

Jumamosi, 8 Novemba: baada ya miezi mitatu

Matairi hayajapakwa tena dawa ya silikoni. Ninaosha kwa sabuni ya gari na sifongo laini, na kwa wiki nne za mwanzo sikutumia mashine ya maji ya nguvu. Dawa kali za asidi za kuoshea rimu sitazitumia kabisa.

Hakuna klia iliyonyanyuka. Viraka vya puti havijajichora. Mawe yamegonga rimu za mbele mahali pawili, alama ndogo kama ncha ya kalamu, nimezigusia siku ile ile nilipoziona ili maji yasiingie.

Udhaifu wa klia isiyo na hadina umejitokeza kama nilivyotarajia. Wiki iliyopita breki zilitolewa upepo, na tone la mafuta ya breki likadondokea spoki ya gurudumu la tatu bila kuonekana kwa muda. Mafuta ya kawaida ya breki yana glaikoli na yanakula rangi. Klia imelainika, ikaacha doa la ukubwa wa sarafu. Nimelimwagia maji mengi, kwa kuwa mafuta hayo yanayeyuka kwenye maji, nimelikausha, na kesho nitalipiga msasa wa maji 800 na kurudia spoki hiyo moja, fedha na klia. Matundu ya nati nimeshayaziba leo usiku.